Kinkina, nukuu, na mikono isiyohesabiwa

Siku hizi mkemia akiomba kupandishwa cheo, akiomba fedha za utafiti au nafasi ya kukaa miezi michache katika maabara ya ng'ambo, swali huwa lile lile: umenukuliwa mara ngapi, na h yako ni ngapi? Nimeulizwa na tume, nimeulizwa na wafadhili, hata na kijana mmoja aliyekuja kutafuta msimamizi wa tasnifu. Mimi nimefundisha kemia ogania hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na utafiti wangu karibu wote umezunguka mti mmoja, kinkina, ule unaotoa kwinini, dawa ya malaria. Wanafunzi wananiita Mama Prof. Wapo kati yao wanaoamini kwamba namba hizo ndizo sayansi yenyewe. Wapo waliokwisha kuzikatia tamaa, wakisema ni mambo ya wenye mashine. Wote nimewaambia haya ninayoyaandika, lakini kwa vipande, kati ya somo na somo.

Namba hizi zilitengenezwa na watu, kwa shughuli maalumu. Eugene Garfield, Mmarekani aliyesomea kemia kabla ya kuingia kazi ya kupanga machapisho ya kisayansi, alipendekeza mwaka 1955 kuwe na faharasa ya kuonyesha makala ipi imetajwa na zipi zilizoifuata. Faharasa hiyo, Science Citation Index, ilianza kutoka 1964. Kwa mkemia ilikuwa neema: ukishika makala ya zamani kuhusu alkaloidi fulani (kemikali za mimea za jamii ya kwinini), unaweza kwenda nayo mbele na kuona nani aliiendeleza na nani aliipinga. Kipimo cha h kilichelewa sana kuja. Kilitoka 2005 kwa mwanafizikia Jorge Hirsch wa San Diego, na hesabu yake ni nyepesi: h ni idadi kubwa kabisa ya makala zako ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara idadi hiyo hiyo. Mwenye makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10 ana h ya 10. Mwenye makala moja tu iliyonukuliwa mara 1000 ana h ya 1. Nikifika hapo darasani lazima mtu anyoshe mkono aulize kama nimekosea. Sijakosea, ndivyo kilivyo.

Kinachonukuliwa sana katika kemia, mara nyingi, ni zana. Makala iliyoongoza sayansi nzima kwa miaka na miaka ni ya Oliver Lowry na wenzake, ya 1951. Haina ugonjwa uliotibiwa wala dawa iliyogunduliwa. Ni njia ya kupima protini kwa kitendanishi cha Folin, basi. Na W. Clark Still na wenzake wawili, 1978, waliandika kurasa 3 kuhusu kusukuma kiyeyushi kwa mgandamizo wa hewa kupitia safu ya silika, ili utenganishaji uliokuwa ukila saa nyingi ukamilike kwa robo saa au chini ya hapo. Leo njia hiyo imezoeleka kiasi kwamba wengi wanaitumia bila kumtaja mtu.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya 1997, ya Gottlieb, Kotlyar na Nudelman wa Chuo Kikuu cha Bar-Ilan. Ni majedwali. Yanaonyesha mabaki ya viyeyushi vya kawaida yanaonekana wapi kwenye RMN, ile mashine yenye sumaku kubwa inayosoma haidrojeni na kaboni za molekuli. Sampuli zetu tulikuwa tukizituma Ubelgiji kwa mwenzetu mmoja, na picha zinarudi kwa barua pepe. Siku moja mwanafunzi wangu alifungua picha ya sampuli yake mwenyewe, akaona mstari mrefu, mwembamba, safi kabisa, kwenye alama ya 2.17 ya kipimo. Alitafuta katika kila makala ya kwinini aliyokuwa nayo, hakuupata. Alinijia mbio: "Mama Prof, hapa kuna kitu kipya!" Nikamwambia tufungue jedwali. Tukashuka na kidole pamoja, safu ya kloroformu: 2.17, asetoni. Ni asetoni iliyobaki kwenye chupa baada ya kusuuzwa. Mstari mdogo pembeni, 1.56, ulikuwa maji. Yule binti hakunyong'onyea. Aliandika jedwali lote kwa mkono kwenye karatasi kubwa, akalibandika juu ya sinki, na tangu hapo kila anayesuuza chupa analiona. Wale watatu wa Bar-Ilan wamenukuliwa mara nyingi mno, na mimi naona wamestahili kila moja ya nukuu hizo, maana wamemwokoa mwanafunzi wa Bukavu asiandike uongo bila kujua.

Kwa hiyo ninapowashauri vijana, nawaambia wasidharau makala ya njia. Makala yangu inayonukuliwa zaidi ni fupi, inaeleza namna ya kutenganisha alkaloidi nne za kinkina, yaani kwinini, kwinidini, sinkonini na sinkonidini, kwenye kibao chembamba cha silika kwa viyeyushi vinavyopatikana mjini kwetu. Niliiandika kwa sababu wanafunzi walikuwa wakiuliza jambo hilo kila mwaka. Zile nilizozipa miaka yangu ya ujana, zenye nadharia nzito, zinasomwa na watu wachache. Sizijutii, lakini nimeelewa mtu ananukuu nini: kile kilichomtoa kwenye shida asubuhi ile.

Tena kunukuliwa si kuthibitishwa. Historia ya kwinini yenyewe inalionyesha hilo vizuri kuliko mfano wowote ninaoujua. Pelletier na Caventou waliitoa kwinini kwenye magome mwaka 1820. Perkin alijaribu kuiunda 1856, akapata rangi ya zambarau badala ya dawa, na rangi hiyo ikaanzisha viwanda. Mwaka 1918 Rabe na Kindler walitoa taarifa fupi kwamba wameigeuza kwinotoksini, molekuli iliyo karibu na kwinini, kuwa kwinini. Mwaka 1944, vita vikiwa vimekata njia za magome, Woodward na Doering walifika hadi kwinotoksini, wakaishia hapo, wakiitegemea ile taarifa ya 1918 kwa hatua zilizobaki. Dunia ikatangaza kwamba kwinini imeundwa. Vitabu vikanakili, makala zikanukuu, miaka ikapita. Mwaka 2001 Gilbert Stork alipochapisha njia yake mwenyewe, ya kwanza iliyodhibiti umbo la molekuli hatua kwa hatua, alisema wazi kwamba zile hatua za Rabe hazijawahi kuthibitishwa. Ni 2008 tu ambapo Robert Williams na mwenzake, huko Colorado, walizirudia kwa mbinu za wakati ule na kuonyesha kwamba Rabe alikuwa sahihi. Na ufunguo ulikuwa wapi? Kwenye unga wa aluminiamu. Ukiwa mpya kabisa, mavuno yanakuwa duni. Ukikaa hewani kidogo ukashika kutu yake nyembamba, mambo yanakwenda.

Miaka 90, nukuu zisizo na idadi, na jambo lililoamua yote ni hali ya unga ndani ya kopo.

Mambo ya namna hiyo katika maabara yetu anayajua mzee mmoja. Ni laborantini wetu, yaani fundi wa maabara. Wote tunamwita Papa. Hana digrii. Alianza akiwa kijana kwenye mashamba ya kinkina, akichubua magome: mti unagongwa kwa rungu la mbao mpaka gome linaachia, halafu unapitisha kisu na linatoka kama ala ya panga. Papa akishika gome kavu analivunja, anatazama nyuzi, analigusisha kwenye ulimi, kisha anakuambia kama lina haja ya kusagwa. Sisi tunasaga, tunachanganya na chokaa, tunaloweka kwenye kiyeyushi, tunavuta alkaloidi kwa asidi ya sulfuriki iliyozimuliwa, na tukiweka chupa chini ya taa ya urujuanimno kwinini inang'aa buluu. Mara nyingi mng'aro huo unakubaliana na ulimi wa Papa. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba magome yaliyonyeshewa mvua kabla ya kukauka yanatoa povu lisilotulia kwenye chokaa, na kwamba chokaa ya gunia lililofunguliwa zamani haifai. Hayo hayakuwa kwenye makala yoyote tuliyoisoma. Nilimwomba akae na wanafunzi, wayaandike kwenye daftari la maabara kwa tarehe, na yaingie kwenye sehemu ya mbinu ya kila makala inayotoka kwetu, hata wahariri wakilalamika kwamba sehemu hiyo imekuwa ndefu.

Ninapigania jambo hili kwa sababu kinkina ina deni la zamani. Aina inayosifika kwa kwinini nyingi inaitwa *ledgeriana*, kwa jina la Charles Ledger, mfanyabiashara Mwingereza. Mbegu zenyewe zilikusanywa Bolivia na mtumishi wake, Manuel Incra Mamani, mtu aliyeujua mti ule kwa macho, akisubiri miaka mpaka upate mwaka mzuri wa kuzaa. Mbegu ziliuzwa kwa Waholanzi miaka ya 1860, zikaota Java, na Java ikaja kulisha dunia kwa kwinini. Mamani alikamatwa kwa ajili ya mbegu hizo, akapigwa gerezani, akafa. Wajapani walipoichukua Java mwaka 1942, mashamba ya hapa kwetu Kivu yakawa na maana kubwa ghafla, na kiwanda cha Pharmakina hapa mjini kimeishi kwa mti huo huo. Na si dawa tu. Barry Sharpless, aliyepata Nobeli mwaka 2001 na tena 2022, katika kazi ile iliyompa ya kwanza alitumia vichocheo vilivyotengenezwa kutokana na alkaloidi za kinkina, na tathmini aliyoiandika na wenzake mwaka 1994 kuhusu kazi hiyo ni miongoni mwa makala zinazonukuliwa sana katika kemia yetu. Nikiwafundisha wanafunzi hatua hizo nawaonyesha kipande cha gome mezani. Wengi wao wana shangazi au mjomba aliyewahi kulichubua, na hawakuwahi kuambiwa kwamba linafika huko.

Sasa niseme juu ya majina, maana hapa Wakongo tunaumia bila sababu. Sisi tuna jina, tuna postnom (jina la pili la kiasili), tuna prénom (jina la kwanza, mara nyingi la Kikristo). Baada ya Mobutu kupiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, watu waliandika majina ya kiasili tu. Baadaye prénom zikarudi, na kila ofisi ikapanga kwa namna yake. Mifumo ya kuhesabu nukuu inataka jina moja la ukoo na herufi za mwanzo. Basi mtu anachapisha, jarida moja linachukua postnom kuwa ukoo, lingine linachukua prénom, la tatu linaunganisha mawili kwa kistari. Kwa mwanamke aliyeolewa akaongeza jina la mume ni shida juu ya shida. Mimi nilijikuta kwenye faharasa nikiwa watu kadhaa, kila mmoja na makala zake chache na h ndogo. Kuna taasisi moja iliyonikatalia ombi kwa kusoma mmoja wa watu hao. Dawa yake ipo tangu 2012: ORCID, namba ya tarakimu 16 ambayo ni yako popote jina lako litakapopinduliwa. Ni bure. Asistanti yeyote anayeingia kwenye maabara yangu anaifungua kabla ya kugusa chupa, na tunachagua pamoja namna moja ya kuandika jina lake, kisha anaishikilia hadi mwisho. Nawasihi wasomaji wa Goma, Lubumbashi na Kisangani wafanye vivyo hivyo wiki hii hii.

Halafu tunukuliane. Naisema hii kwa uchungu kidogo. Nimesoma tasnifu nzuri kuhusu mimea ya Kivu ambayo orodha yake ya marejeleo haina Mkongo hata mmoja isipokuwa msimamizi. Lwiro, ile taasisi ya kaskazini mwa mji wetu iliyotokana na IRSAC, shirika la utafiti la wakati wa Wabelgiji lililoundwa mwaka 1947, ina rafu za kazi zilizofanywa papa hapa. Lubumbashi kuna wenzetu waliochunguza mimea ya miombo kwa malaria, tena kwa umakini. Kazi nyingi za namna hiyo zimeandikwa kwa Kifaransa, nyingine katika majarida yasiyoingia kwenye faharasa kubwa. Nukuu yako kwa kazi kama hiyo inaweza kuwa ndiyo njia pekee ya mtu wa mbali kujua ipo. Zamani tulikuwa na kisingizio cha kukosa vya kusoma. Lakini tangu 2002 kuna HINARI, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani, unaofungua maelfu ya majarida kwa vyuo vya nchi kama yetu. Mwombe mkutubi wako neno la siri. Anayo, na mara nyingi hakuna anayemwomba.

Kuhusu majarida yanayokuandikia barua ya sifa usiku na kudai dola asubuhi, sina mengi: yafute. Majarida mengi ya kweli hupunguza au husamehe ada kwa waandishi wa Kongo, lakini lazima uombe kabla ya kutuma makala. Tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025 na mabenki kufunga milango, hata mwenye pesa hana njia nyepesi ya kuilipa ada hiyo, kwa hiyo ombi la kusamehewa ndilo tunaloanza nalo.

Kuna jambo moja ambalo lilinibadilisha kabisa namna ya kutazama uzito wa utafiti. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililoitwa AQUAMAT: watoto 5425 wenye malaria kali, katika nchi 9 za Afrika, Kongo yetu ikiwemo. Nusu walipewa kwinini ya sindano, nusu artesunate. Waliofariki walikuwa asilimia 10.9 upande wa kwinini na 8.5 upande wa artesunate. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri artesunate kwa watoto. Mimi, ambaye maisha yangu yamejengwa juu ya kwinini, nilisoma makala ile nikiwa mama kwanza. Ni kweli, na ilistahili kufuatwa siku ile ile. Artesunate inatokana na artemisinini, ambayo Tu Youyou na kundi lake waliitoa kwenye mmea mwaka 1972. Umbo lake lilipochapishwa 1977 halikuwa na jina la mtu yeyote. Liliandikwa kwa jina la kundi. Tu hakuwa na udaktari wa chuo kikuu, hakuwa mwanachama wa akademia ya sayansi ya nchi yake. Nobeli ilimfikia 2015. Tume nyingi nilizokaa nazo, kwa fomu zao zilivyo, zisingempa hata nafasi ya asistanti.

Upande wa pili wa habari hiyo uko milimani kwetu. Ushauri kuhusu dawa unapobadilika, mwenye shamba la kinkina naye anaguswa, kwa mti uliomchukua miaka kuufikisha hapo. Baadhi yao walikuja kuniuliza: Mama Prof, tuing'oe? Niliandika ripoti fupi kwa Kiswahili, nikieleza kwamba kwinini bado inatumika panapokosekana artesunate, kwamba maji ya toniki bado yanaihitaji, kwamba kwinidini na wenzake wana wanunuzi wa kemia, na kwamba wasitegemee mti mmoja. Tulipima pia magome yao bure na kila mtu akapewa namba yake. Ripoti hiyo haimo kwenye faharasa yoyote, haitanipa nukuu hata moja. Ilisomwa kwenye mikutano ya ushirika na ikapigiwa fotokopi mpaka herufi zikafifia. Fomu ya kupandishwa cheo haina mstari wa kuiweka, na nimewaandikia wakubwa wetu kuomba mstari huo uwekwe. Tamko la San Francisco la 2012 kuhusu tathmini ya utafiti linasema wazi kwamba tusimpime mtafiti kwa sifa ya jarida alilochapisha, na vyuo vingi duniani vimelitia sahihi. Sioni kinachotuzuia sisi.

Kwa sasa tuna makala mezani: kiasi cha alkaloidi nne katika magome kutoka miinuko tofauti ya Kabare na Walungu, hapa Kivu, pamoja na njia yote ya kuyakausha. Waandishi ni wanne, na wa tatu ni Papa, ana ORCID yake. Mhariri aliuliza mchango wake ni upi hasa, kwa kuwa hana cheo cha chuo. Tulijibu kwamba yeye ndiye aliyechagua miti, aliyesimamia ukaushaji, na aliyeonyesha kwamba mvua ya siku ya kwanza inaharibu sampuli, jambo lililotufanya tutupe seti nzima na kuanza upya. Mhariri amekubali jina libaki. Amebakiza maswali mawili juu ya usahihi wa vipimo vya sinkonidini, na yule binti wa 2.17, ambaye sasa ni CT (chef de travaux, cheo cha juu ya asistanti) na ana wanafunzi wake, ndiye anayerudia vipimo hivyo, umeme ukiwepo.